Usingizi Tunawapa Wagonjwa

6 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hatumalizi salamu kabla mmoja wetu hajakata, na mara nyingi ni wewe.

Uongozi wa hospitali yenu umekubali utafiti wetu ufanyike kwenu. Tunataka kujua kama mwili wa mtu aliyekosa usingizi unaweza kutuambia kwamba anakaribia kuharibu kazi, kabla hajaiharibu. Hatutaki kumuuliza mwenyewe. Mtu aliyekesha ukimuuliza kama yuko sawa atakujibu yuko sawa, na anaamini kabisa anachokisema. Hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo mdomo tunauacha upumzike, tunauliza moyo, ubongo na kope.

Kuna mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Kuna utepe wa kichwani, unavaliwa chini ya kofia ya upasuaji, unasikiliza umeme wa ubongo. Kuna miwani yenye kamera ndogo inayotazama kope zinavyofumba na kufumbua. Halafu kuna mchezo: taa inawaka kwenye kisanduku, wewe unabonyeza kitufe. Mtoto wa chekechea anauweza.

Wenzako wengi wamejiandikisha. Yule daktari mdogo unayemwita Bwana Taratibu alikuwa wa kwanza. Jina lako halimo. Mkuu wa hospitali aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayepita karibu na mbwa mkali, "Huyo kaka yako sisi hatumgusi." Basi namgusa mimi. Nadhani unaogopa.

Matokeo ya kila mtu ni siri kati yake na mimi. Mwajiri haoni kitu.

Mdogo wako


13 Februari

Bi Nyaya,

Marahaba. Nilipofika kwenye neno "unaogopa" nilicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni.

Nimekuwa nikipasua matumbo ya watu tangu enzi unafunga wanasesere bandeji za karatasi ya chooni. Sasa umesoma, umepata shahada, umekwenda mji wa mbali kukaa kwenye chumba chenye kipoza hewa, na kutoka huko unataka kunifundisha uchovu ni nini. Usingizi hapa kwetu tunawapa wagonjwa, hatujigawii wenyewe.

Unajua kwa nini silali? Nitakuambia, ili usiupe jina la kitaalamu. Silali kwa sababu nikiondoka anabaki Bwana Taratibu. Kijana huyo akishika kisu utadhani anaiomba ngozi ruhusa. Anakuja asubuhi amelala vizuri, ananukia sabuni, na kazi ninayoimaliza kabla chai haijapoa yeye anaanza kwa kuitazama. Wengine ni wabaya kuliko yeye. Nikiwaachia wodi, nitakaporudi nitawakuta wagonjwa wamefunikwa nyuso. Kwa hiyo nakaa. Nalala kwenye kiti cha ofisini nikipata nafasi, nisipoipata silali. Wifi yako ameacha kuniwekea chakula, anasema amechoka kukimwaga.

Leta mikanda yako. Nitaivaa yote, nitabonyeza kitufe chako cha chekechea, na mashine ikishakosa la kusema utaniandikia barua ya heshima.

Kaka yako


18 Machi

Bi Nyaya,

Mwezi sasa natembea na nyaya zako kichwani kama redio mbovu. Wanafunzi wanacheka, nawaacha. Kitufe nakibonyeza kabla ya zamu na baada ya zamu, na kwa maoni yangu nakibonyeza vizuri kuliko yeyote katika jengo hili. Mbona kimya? Matokeo yako wapi?

Jambo jingine. Shangazi ana mawe kwenye kifuko cha nyongo. Yale maumivu ya tumbo aliyokuwa akiyasingizia maharage hayakuwa ya maharage. Inabidi kifuko kitolewe, na nitakitoa mimi. Kanuni zinasema daktari asipasue ndugu yake. Walioandika kanuni hizo hawakumjua Bwana Taratibu.

Kaka yako


24 Machi

Kaka,

Ishara zako zinafika vizuri. Siwezi kukuambia jinsi zinavyonifurahisha.

Matokeo kamili nayaandaa kwa ajili ya mkutano wa wataalamu mwezi wa tano. Majina hayatatajwa. Njoo. Nitakuwekea kiti cha mbele, uangalie mwenyewe mchoro wa mtu mmoja hasa ninayemwita "mshiriki asiyechoka". Nadhani utamtambua.

Mpe Shangazi pole.

Mdogo wako


2 Aprili

Mwanangu,

Nimeacha kupiga simu. Ninyi mliosoma mkisikia neno msilolipenda mnasema mtandao umekatika. Barua haina mtandao.

Tumbo langu lina mawe, ndivyo wanavyosema. Nimewalea ninyi wawili tangu mama yenu alipofariki, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kula jiwe, ila moyoni mmenitwisha mengi. Kaka yako anasema atanipasua mwenyewe kwa sababu wengine wote pale ni wajinga. Nikamuuliza, "Wote?" Akasema, "Wote." Nikamuuliza, "Hata uliowafundisha wewe?" Akasema, "Hasa hao."

Jumapili alikuja kunitazama. Alikaa kwenye kiti changu akawa ananieleza upasuaji ulivyo mwepesi, nikaenda jikoni kumletea maji. Niliporudi macho yake yalikuwa wazi yananitazama. Nikamwambia, "Shika glasi." Hakushika. Nikasimama mbele yake na glasi mkononi kama mhudumu wa hoteli. Kisha akashtuka, akaipokea, akaendelea na sentensi kuanzia katikati, kana kwamba mimi ndiye niliyemkatiza. Nikamwambia, "Ulikuwa umelala." Akasema, "Nilikuwa nafikiri." Marehemu baba yenu naye alikuwa akifikiri hivyohivyo, mpaka anakoroma.

Sasa wewe ndiye unayempima. Umemfunga nyaya kama mbuzi wa kamba, unajua kinachopita kichwani mwake kuliko mke wake. Sitaki maelezo. Nijibu neno moja. Nilale kwenye meza ya huyu mtu, ndiyo au hapana?

Shangazi yako


7 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole sana na maumivu. Barua yako nimeipata.

Kuhusu swali lako, utafiti wetu una kanuni kali za usiri. Washiriki wametia saini wakiamini kwamba habari zao hazitatoka, na mimi nikitoa za mmoja, hata kwa ndugu, nitakuwa nimevunja imani ya wote. Natumaini utanielewa. Pamoja na hayo, Kaka ni daktari bingwa mwenye uzoefu mrefu, na hospitali ina taratibu zake za kulinda wagonjwa. Usiwe na wasiwasi. Nitakuombea.

Mwanao


7 Aprili

Kaka,

Kwa kuwa huna subira, nakuonjesha. Baada ya zamu zako ndefu, mwanga ukiwaka unabonyeza kitufe kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Mara nyingine hubonyezi kabisa, halafu unaandika pembeni kwa mkono wako kwamba taa ni mbovu. Taa ni nzima. Bwana Taratibu, ambaye kwako ni kichekesho, anakushinda asubuhi, mchana na jioni.

Kama unataka kumpasua Shangazi, kalale kwanza kama watu. Lakini najua hutalala. Ukilala nani atalishikilia jua lisianguke?

Mdogo wako


16 Aprili

Bi Nyaya,

Onjo lako nimelionja, nikalitema.

Shangazi amepasuliwa na anaendelea vizuri. Kifuko kimetoka na mawe yake. Sehemu ya mwisho nilimwachia Bwana Taratibu, nikaona ni nafasi nzuri ya kumfundisha, na kwa mara ya kwanza hakuniaibisha. Shangazi alipozinduka alimwambia nesi kwamba mto unanuka dawa na mimi nimekonda. Kwa hiyo akili zake zimerudi zote.

Nakurudishia vifaa vyako. Sikuvivua hata siku ya upasuaji wake, usije ukasema nilikimbia. Sikiliza huo umeme wote, kisha uniambie mashine yako ilisikia nini.

Kaka yako


23 Aprili

Kaka,

Imesikia.

Mchoro nimeuambatanisha na barua hii, nami nitakueleza polepole, kwa sababu nimeona jinsi unavyoelewa mambo siku hizi.

Moyo wa mtu aliyepumzika hauendi kama saa ya ukutani. Pigo moja linawahi kidogo, jingine linachelewa kidogo, kama watu wawili wanaoongea wakisikilizana. Siku ya kwanza ulipovaa mkanda, ukiwa umepata usingizi wa kutosha usiku uliotangulia, wako ulikuwa hivyo. Siku ya Shangazi ulikuwa umekakamaa tangu unaingia. Kope zako zilikuwa nzito, kila zinaposhuka zinachelewa kupanda. Muda wote huo ulikuwa ukifanya kazi, na pengine waliokuwa karibu waliona daktari mtulivu.

Halafu, katikati ya kazi, mawimbi ya ubongo wako yanabadilika. Yale madogo ya haraka ya mtu aliye macho yanapungua, yanakuja makubwa ya polepole. Nayajua mawimbi hayo, tunayaona kila siku kwa watu waliolala kitandani. Kope zimesimama nusu. Wewe umesimama. Kwa muda wa pumzi mbili tatu, Kaka, ndani ya chumba kile walikuwa wamelala watu wawili, na mmoja tu ndiye aliyepewa dawa.

Kisha moyo wako unaruka kama wa mtu aliyeshikwa bega gizani, na baada ya hapo hautulii tena mpaka mwisho wa rekodi.

Nani alikushika? Ulikuwa na nini mkononi? Na usiniambie habari ya kumfundisha Bwana Taratibu. Mwili wako unasema ulinyang'anywa kisu.

Mdogo wako


30 Aprili

Kwenu wote wawili,

Nimeandika nakala mbili zinazofanana, ili pasiwe na wa kusema mwenzake ameandikiwa vibaya zaidi.

Niko hai. Nawaambia kwa kuwa hakuna kati yenu aliyenisaidia kuwa hivyo. Siku chache baada ya upasuaji wa kwanza tumbo lilivimba, homa ikapanda, macho yakawa manjano kama karatasi ya zamani. Nyongo ilikuwa inavuja ndani. Yule kijana mnayemcheka alinifungua tena, na mkwe wangu, mke wa kaka mtu, ananiambia alisubiri nje kwa saa nyingi.

Nilipopata nguvu nilimwita. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ulikuwepo mara ya kwanza. Nini kilitokea?" Hakuniletea Kilatini cha madaktari. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Mama, mkono wa daktari ulisimama, kisha ukashuka. Nesi akaukamata. Nilishona palipochanika nilipopaona, lakini palikuwa na pengine sikupaona. Hilo la pili ni langu." Kisha akaniomba radhi kwa hilo la pili. Nikamtazama nikajiuliza huyu amezaliwa na nani.

Wewe Bwana Mkubwa. Ulikuja kitandani kwangu mara nne, unasoma joto, unafoka manesi, na mara zote nne hukuniambia. Umewadharau wenzako mpaka huwezi kuwaachia hata jioni moja, halafu ukaniletea mimi mkono uliolala.

Na wewe mwenye nyaya. Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukanijibu kwa kanuni. Mtu akiulizwa hivyo akaanza kukueleza taratibu, ameshajibu, na mimi kwa ujinga wangu sikusikia. Ningekuwa mtu baki ningesema umeilinda siri ya kazi. Lakini mimi ndiye niliyekulea. Naujua uso wako ukiwa umemkamata kaka yako na kosa, unavyolitunza mpaka wageni wafike. Ulilitunza. Mimi ndiye nilikuwa ndani yake.

Msije kulia hapa. Mkwe wangu ananiosha na kunilisha, na kwa kuwa hana shahada hanichoshi. Nikitoka nakaa kwake. Nikiwataka, nitasema.

Shangazi yenu


5 Mei

Kaka,

Nimejitoa kwenye mkutano. Waliniuliza sababu, nikasema nina msiba, kisha nikapiga simu tena nikasema si msiba, ila ni aibu.

Anachosema Shangazi ni kweli, na kibaya zaidi hajui chote. Kanuni zetu zina kipengele: nikiona mshiriki yuko katika hali ya kumdhuru mtu, naruhusiwa kwenda kwa kamati ya maadili, nayo inamsimamisha kimyakimya. Ni barua ya ukurasa mmoja. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa na cha kuandika. Sikuandika, kwa kuwa ukisimamishwa rekodi zako zingeishia hapo, na mimi nilizitaka ziendelee, nene na mbaya, mpaka nizitundike ukutani mbele ya watu ukiwa kiti cha mbele.

Nilipokuonya niliandika kwa namna ambayo nilijua hutasikia. Ningekuandikia, "Kaka, naogopa," pengine ungenisikia. Sikutaka unisikie. Nilitaka niwe nimesema.

Kamati sasa ina barua yangu. Wataijadili kazi yako na yangu pia. Sikuombi unisamehe, sijui hata kama wewe ndiye wa kuombwa. Nataka kujua tu: uko wapi, na unaifanyia nini mikono yako?

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Ulikuwa mshenzi. Nami pia. Tumalize hilo hapo, maana tukianza kupimana nani zaidi, tutaishia kushindana.

Kabla kamati haijaniita niliitisha kikao mwenyewe: madaktari, manesi wa chumba cha upasuaji, wanafunzi, wote. Nikaomba mchoro ulionitumia utundikwe ukutani. Nikausoma kama ninavyosoma picha ya mgonjwa, kwa fimbo. Hapa yuko macho. Hapa anaanza kuzama. Hapa hayupo. Hapa nesi anamshika mkono, na hapa chini ya mkono huo yuko shangazi yake. Nilitegemea wacheke. Baadhi yao wana haki ya kucheka tangu miaka mingi. Hakuna aliyecheka. Nesi mkuu alisubiri nimalize, kisha akasema, "Tulijua, Daktari. Tulikuwa tukipanga zamu ya nani asimame karibu na mkono wako wa kulia."

Walikuwa wanapanga zamu. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikiwalinda wagonjwa dhidi yao.

Nimeondolewa kwenye upasuaji mpaka kamati iseme. Baadaye wakaniruhusu kuingia kama msaidizi, kushika vyuma na kunyonya damu, kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Vifaa vyako walivyobaki navyo wenzangu sasa viko kwenye chumba cha kunawia. Anayetaka kuingia anavaa, anabonyeza kitufe, na mwenye kisu siku hiyo anatazama na kuamua. Wiki iliyopita mwenye kisu alikuwa Bwana Taratibu.

Nilikuwa sijalala. Mgonjwa mmoja mrija wake wa kutoa uchafu tumboni ulikuwa hautoi vizuri, nikabaki wodini, ingawa hakuna aliyeniomba. Nikavaa mkanda, nikabonyeza. Akatazama kioo cha kisanduku, akanitazama mimi, akasema mbele ya wanafunzi na mama wa usafi, "Daktari, rudi nyumbani."

Nilimwambia ninavyomwona. Unayajua maneno yangu, sina haja ya kuyaandika. Mengine yalikuwa mapya hata kwangu. Aliyasikiliza yote, amenawa mikono, ameishikilia juu inachuruzika maji. Nilipokwisha akasema, "Sawa. Rudi nyumbani."

Nilikwenda.

Wifi yako alifungua mlango akashika kifua, alidhani nimeleta habari ya kifo. Shangazi alikuwa sebuleni anachambua mchele. Alisogeza ungo ili nipite. Nikajilaza bila kuvua viatu. Nakumbuka nilikuwa bado natunga jibu la kumpa Bwana Taratibu, jibu zuri sana, ambalo sasa silikumbuki.

Nilipoamka jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Sikujua kama ni siku ileile. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga simu wodini. Nitakuambia ukweli, kwa kuwa wewe unaweza kuuona hata nisiposema: nilitaka kuambiwa kwamba mambo yameharibika. Si sana. Homa ya mmoja, mshono wa mwingine.

Nesi akanitajia kitanda kwa kitanda. Wote walikuwa wazima. Hata yule wa mrija. Bwana Taratibu alikuwa ameshamtazama, akauweka sawa, akaenda zake nyumbani.

Nikamuuliza kama kuna mgonjwa yeyote aliyeniulizia.

Nikasikia anamuuliza mwenzake. Kisha akarudi, akasema hapana.

Kaka yako